Ala za programu

Ala za programu ni programu za kompyuta zinazotoa sauti za muziki zinapopewa noti za kupiga. Baadhi huiga ala zilizozoeleka kama piano, ngoma, gitaa na fidla. Nyingine hutoa sauti ambazo hakuna mti, ngozi wala waya uliowahi kuzitoa. Nyingi hutengenezwa kama plagini, yaani programu ndogo inayofunguliwa ndani ya programu kubwa ya kutengenezea muziki, kama vile Cubase, FL Studio, Logic au Reaper. Zipo pia plagini zisizopiga noti yoyote: kazi yake ni kuifanyia marekebisho sauti iliyokwisha kurekodiwa, mfano kuitia mwangwi, kupunguza besi au kumnyooshea mwimbaji sauti pale alipoteleza.

Kompyuta ilianza kupiga muziki zamani kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1957 Max Mathews, mhandisi wa maabara za Bell nchini Marekani, aliandika programu iliyoitwa MUSIC, na kompyuta ya IBM 704 ikatoa kipande cha sekunde 17. Ilichukua miaka mingi kabla kazi hiyo haijawafikia wanamuziki wa kawaida, na kilichowafikishia ni makubaliano mawili ya kiufundi. La kwanza ni MIDI ya mwaka 1983, lililowezesha kinanda cha kampuni moja kuelewana na cha kampuni nyingine. La pili ni VST, la kuunganisha plagini na programu kubwa, lililotolewa mwaka 1996 na kampuni ya Steinberg ya Hamburg, Ujerumani. Steinberg haikuificha kanuni hiyo. Iliitoa hadharani ili yeyote anayejua kuandika programu aweze kutengeneza plagini ya kufanya kazi ndani ya programu yake ya Cubase. Mwanzoni VST ilihusu kurekebisha sauti tu, lakini toleo la pili la mwaka 1999 liliruhusu ala zenyewe. Uamuzi ule wa kuiachia kanuni ulizaa mengi kuliko ala yoyote moja, kwani tangu hapo mtu mmoja chumbani kwake aliweza kutengeneza ala ikapigwa duniani kote.

Ujumbe wa MIDI hauna sauti ndani yake. Husema tu kwamba noti fulani imebonyezwa kwa nguvu fulani. Noti huhesabiwa kuanzia 0 hadi 127, na 60 ndiyo C ya katikati ya piano. Nguvu ya kidole nayo hupimwa hadi 127. Ikiwa 0, maana yake kidole kimeondolewa. Ndiyo sababu wimbo uliopigwa leo kwa sauti ya piano unaweza kesho kubadilishwa uwe wa filimbi bila kurudiwa hata noti moja.

Sauti yenyewe hupatikana kwa njia kadhaa. Njia ya sampuli hutumia rekodi za ala halisi. Kwa piano, kila kitufe hurekodiwa kikipigwa polepole, kwa kadiri na kwa nguvu, na mkusanyo mmoja unaweza kujaza gigabaiti nyingi. Ngoma hudai uangalifu zaidi: pigo moja lililorekodiwa likirudiwa mara kumi mfululizo, sikio hugundua mara moja kwamba hakuna mkono wa mtu hapo. Mafundi wazuri hurekodi pigo lile lile mara kadhaa, na programu huzipokezanisha rekodi hizo.

Njia ya usanisi huunda sauti kwa hesabu tupu. Iliyovuma zaidi katika miaka ya 1980 ni ile aliyoigundua John Chowning wa Chuo Kikuu cha Stanford, ambayo Yamaha iliitumia katika kinanda chake cha DX7 cha mwaka 1983. Leo plagini ya bure iitwayo Dexed hutoa sauti za kinanda hicho kwenye kompyuta ya kawaida.

Njia nyingine ni kuiga mwenendo wa ala yenyewe. Mfano mwepesi ni ule uliochapishwa na Kevin Karplus na Alexander Strong mwaka 1983. Kompyuta huchukua namba 100 za kubahatisha, ambazo zikisikilizwa ni kelele tu, kisha huzizungusha tena na tena huku ikikokotoa wastani wa kila namba na jirani yake. Kwa kuwa sauti ya kidijitali mara nyingi huwa na vipimo 44,100 kwa sekunde, mzunguko wa namba 100 hurudi takriban mara 440 kwa sekunde, nayo hiyo ni noti ya A. Kelele hulainika, ikafifia, na kinachosikika ni waya uliodonolewa.

Usumbufu wa kila siku kwa mpigaji ni ucheleweshaji. Kompyuta huandaa sauti kwa mafungu. Fungu la vipimo 128 huchelewesha sauti kwa milisekunde 3 hivi, la 1,024 kwa milisekunde 23, na hapo kidole na sikio huanza kupishana. Fungu dogo mno nalo huilemea kompyuta, sauti ikaanza kukatika.

Kasoro kubwa zaidi iko kwenye tuni. MIDI ilijengwa juu ya noti 12 zilizogawanywa sawa za piano, ilhali taarabu ya Unguja, inapopigwa kwa maqamu (ngazi za noti za Kiarabu) kama Rasti au Bayati, ina noti zinazoangukia katikati ya vitufe viwili. Ilimba ya Wagogo wa Dodoma nayo ina mpangilio wake. Dawa ipo: plagini kama Surge XT, ambayo ni ya bure, hupokea faili la tuni na kuipanga kila noti mahali pake. Prodyuza asiyejua hilo huulazimisha wimbo ufuate piano, na ladha hupotea.

Afrika Mashariki, FL Studio ni miongoni mwa programu zilizoenea sana. Ilianza mwaka 1997 nchini Ubelgiji kwa jina la FruityLoops. Jijini Dar es Salaam maprodyuza wa singeli walichukua vipande vya taarabu, wakavizungusha na kuviharakisha kupita mapigo 200 kwa dakika. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyo wa Sounds of Sisso, uliowafikishia wasikilizaji wa nje muziki huo wa Mburahati, mtaa wa Dar es Salaam.

Hata hivyo, piano za sampuli zimejaa sokoni, wakati ilimba, zeze na ganuni zilizorekodiwa kwa uangalifu na wapigaji wake stahiki ni adimu. Kuzirekodi kunahitaji maiki nzuri, chumba kimya, subira, na malipo ya haki kwa mpigaji. Wenye studio na vyuo vya muziki waianze kazi hiyo wakati mafundi wa ala hizo wangali hai.