Picha za ubongo hutambua vipi mishipa iliyovimba?

KUVIMBA kwa mishipa ya damu ya ubongo huweza kudhaniwa kuwa kiharusi cha kawaida. Mgonjwa akifikishwa Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Nakuru, iliyokuwa Hospitali Kuu ya Mkoa wa Bonde la Ufa, akiwa amepooza upande mmoja, picha ya CT hubainisha upesi iwapo damu imevuja. MRI huonyesha vyema sehemu zilizokosa damu, nayo eksirei ya mishipa iliyotiwa dawa hufichua palipobanwa na palipotanuka, mfano wa shanga.

Hata hivyo, picha safi haiondoi shaka, kwani mishipa midogo mno haionekani. Maji ya uti wa mgongo hupimwa pia. Kifua kikuu huweza kusababisha uvimbe huo, na dawa za kupunguza kinga zikitolewa peke yake, maambukizi huzidi.