Kete, Pesa na Senti

Msomaji, yamkini huikumbuki siku uliyoanza kuhesabu. Ulishikwa vidole na mama au nyanya yako, ukaambiwa moja, mbili, tatu, na kabla hujajua maana ya maneno hayo ulikuwa umekwisha kuyakariri. Elimu hii ni ya utotoni sana hata huonekana kana kwamba haina historia. Ninayo hoja ya kukuonyesha kuwa inayo, na kwamba palikuwa na wakati katika nchi yetu ambapo mtoto aliyejua kuhesabu fedha alikuwa ngao ya nyumba nzima.

Hapo kale, mbali na pwani, mtoto hakufunzwa kuhesabu fedha maana haikuwako. Mtoto wa mfugaji aliwajua ng'ombe wa baba yake kwa rangi na pembe. Jioni akipungua mmoja, alijua ni yupi kabla ya kujua wamesalia wangapi. Mahali pengine kuhesabu viumbe waziwazi kulichukiwa. Wakikuyu, wakiwataja binti za Mumbi, husema ni tisa kamili, na kila asikiaye hujua kuwa ni kumi. Wamasai nao walikuwa na ishara ya vidole kwa kila hesabu. Usidhani basi kuwa watu hao hawakujua hesabu. Waliijua, ila walichagua pa kuitamka na pa kunyamaza.

Pwani mambo yalikuwa mengine, kwa kuwa palikuwa na soko na bandari. Mtoto aliyetumwa dukani alijua kuwa vibaba viwili ni kisaga, na vibaba vinne ni pishi. Akienda na baba yake kuuza boriti, alisikia zikihesabiwa kwa korija, yaani ishirini ishirini. Sarafu zilizotumika ni riale, kisha rupia ya Bara Hindi. Rupia moja ilikuwa ana 16, na kila ana ilikuwa pesa nne, basi rupia nzima ilikuwa pesa 64. Hesabu hiyo huenda ikakuchosha wewe uliyezoea makumi, lakini litazame bao. Lina safu nne za mashimo manane, na kete zake ni 64; kila mchezaji ana 32. Mtoto aliyekaa kando ya wazee wakicheza bao alikuwa tayari anajua kugawanya rupia, ingawa hakuna aliyemwambia kuwa anafundishwa. Nusu, robo, thumuni: maneno yenyewe ni ya kukata kwa mbili, na kukata tena.

Kisha mwaka wa 1901 Serikali ya Kiingereza ikaanza kutoza kodi ya nyumba, na ndipo rupia ilipopanda bara kwa nguvu. Mtu aliyekuwa na mbuzi, wimbi na asali ya kumtosha aliona ghafula kuwa amepungukiwa na kitu kimoja, nacho ni sarafu. Alikwenda kuitafuta kwa kuuza mali yake au kwa kazi ya mikono. Miaka michache baadaye pesa na ana zilitolewa, rupia ikagawanywa kwa senti mia. Senti ndogo zilikuwa na tundu katikati, nao watu walizitunga katika uzi kama shanga. Sijui kama yuko mwalimu aliyepata kutengeneza chombo bora cha kufundishia watoto: sarafu kumi za senti kumi katika uzi, na hiyo ni rupia moja.

Hesabu ya makumi ni nyepesi, nami siilaumu. Shida ilikuja mwaka wa 1920, rupia ilipoondolewa ikawekwa florini, na kabla watu hawajaizoea florini ikaja shilingi mwaka wa 1921. Florini moja ilikuwa sawa na shilingi mbili. Zamani senti mia ni rupia. Sasa senti mia ni shilingi, na shilingi ni nusu ya ile rupia. Jina la senti lilibaki lilelile, thamani yake ikawa nusu. Hebu jiweke katika nafasi ya mzee asiyesoma, ambaye maisha yake yote amehesabu kwa rupia, akiambiwa kuwa kodi yake ya rupia 8 sasa ni shilingi 16. Je, imeongezwa au haikuongezwa? Na mwaka huohuo wa 1921 waajiri walitaka kupunguza mishahara kwa theluthi moja. Anayepata shilingi 12 atabakiwa na ngapi? Mzee atamgeukia nani, ila yule mwanawe aliyekwisha kukaa miezi michache mbele ya ubao wa shule? Mtoto atapanga punje za mahindi kumi na mbili chini, atazigawa mafungu matatu, ataondoa fungu moja, na baba ataona kwa macho yake punje nane zilizobaki. Kodi na mishahara hiyo ndiyo iliyokuwa katika malalamiko ya Harry Thuku na wenziwe mjini Nairobi. Mwaka wa 1922 kodi iliteremshwa hadi shilingi 12.

Palikuwa pia na tikiti ya kazi. Kibarua aliandikwa kwa siku 30 za kazi, zikamilike katika siku 42, na kila siku aliyofanya kazi ilitiwa alama. Siku isiyotiwa alama haikulipwa. Hapo napo jicho la mtoto lilihitajiwa.

Watoto waliofuata walijifunza kwa kutumwa dukani: ndururu ni senti tano, peni ni senti kumi, thumuni ni senti hamsini. Kwa nini hamsini iitwe thumuni? Riale ilipata kuhesabiwa kuwa rupia mbili, yaani shilingi nne. Igawanye kwa nane, utapata jibu. Mwaka wa 1966 Kenya ilitoa sarafu zake yenyewe, nazo hazikuwa na tundu, na uzi ukakosa kazi.

Tangu mwaka wa 2007 fedha nyingi hupita katika simu, na mtoto anayetumwa dukani pengine harudishi chenji hata kidogo, maana mama amekwisha kulipa akiwa nyumbani. Hana cha kushika wala cha kupanga chini. Lakini huduma hiyo inaitwa M-Pesa, na pesa, kama ulivyosoma, ilikuwa fungu moja katika mafungu 64 ya rupia, sawa na kete moja ya bao.