Mbwa na Paka: Chanjo Kabla ya Mvua

Huku Kathonzweni, Kaunti ya Makueni, mvua ni za misimu miwili: Machi hadi Mei, na Oktoba hadi Desemba, ambazo ndizo wakulima huzitegemea zaidi. Mimi hufuata kalenda hiyo kuwatunza mbwa na paka, maana kila msimu una hatari yake.

Kiangazi, Juni hadi Septemba: Mbwa hatoki jasho kama sisi, hujipoza kwa kuhema. Akifungwa juani bila maji anaweza kufa siku hiyo hiyo. Mwekee kivuli na maji safi. Huu pia ndio wakati mzuri wa chanjo ya kichaa cha mbwa, kabla barabara hazijaharibika. Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani ni Septemba 28. Mnyama huchanjwa akifika miezi mitatu, kisha kila mwaka. Kwetu Pwani wengi hufuga paka tu na kudhani hayawahusu. Paka aking'atwa na mbwa mgonjwa huupata ugonjwa na kuuambukiza.

Mvua: Kupe na viroboto huongezeka. Kagua masikio, kwapa na katikati ya vidole. Usimpake paka dawa ya kuogeshea ng'ombe: hujilamba, na baadhi ya dawa hizo humuua.

Mavuno: Mahindi yakihifadhiwa na unyevu huota kuvu. Mwaka 2004 sumukuvu iliua watu 125, wengi wao Makueni na Kitui. Basi mahindi unayoogopa kula usimpikie mbwa. Sumu hiyo haiishi kwa kupikwa, na huharibu ini lake kama inavyoharibu letu.

Mtu aking'atwa: Osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mpeleke hospitali siku hiyo hiyo akachanjwe. Usingoje kuona kama mbwa atakufa. Dalili zikishamwanza binadamu, ni nadra mno kupona.

Kenya imelenga kumaliza vifo vya watu vitokanavyo na kichaa cha mbwa kufikia 2030. Angalau asilimia 70 ya mbwa wakichanjwa kila mwaka, ugonjwa hukosa njia ya kuenea. Kwa hiyo mbwa wako mmoja ana uzito katika hesabu hiyo. Mtoe achanjwe, mvua haijaanza.