Msaada wa serikali kwa vijana wanaoondoka makao ya watoto

KIJANA aliyelelewa katika makao ya watoto Likoni, Kisauni au Changamwe hupoteza mengi siku anapotimiza umri wa miaka 18. Sheria humhesabu kuwa mtu mzima, afisa wa watoto hana tena mamlaka juu yake, na makao yaliyomlisha na kumsomesha hutarajiwa kumpisha mtoto mwingine.

Serikali ina fedha kadhaa ambazo kijana kama huyo anaweza kuziomba, zikiwemo basari, mikopo na ruzuku za biashara. Hata hivyo, nyingi ya fedha hizo hupitia kwa familia, kwa kikundi au kwa mdhamini. Hivyo ndivyo vitu ambavyo kijana aliyekulia makaoni aghalabu hana.

Suala hili lina uzito wa pekee katika bara la Mombasa. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 1,208,333 katika kaunti hiyo. Kati yao, 291,930 walikuwa Kisauni, 250,358 Likoni na 131,882 Changamwe. Maeneo hayo matatu pekee yana zaidi ya nusu ya wakazi wote, na ndiko kijana asiye na kwao hutafuta chumba cha bei nafuu na kibarua cha kwanza. Kisauni na Likoni vilevile ndiko magenge ya vijana wenye mapanga yamewahangaisha wakazi kwa miaka mingi, na kijana asiye na wa kumuuliza alikolala ni windo rahisi kwa wanaoyaongoza.

Njia za malezi

Mtoto asiye na mlezi huweza kulelewa kwa njia mbalimbali nchini Kenya. Njia iliyozoeleka zaidi ni ya jamaa: nyanya, shangazi, mjomba au ndugu mkubwa. Iwapo jamaa hawapo au hawafai, mahakama inaweza kuamuru mtoto akabidhiwe familia nyingine imlee kwa muda, chini ya uangalizi wa afisa wa watoto, au apelekwe katika makao ya hisani. Mjini Mombasa, kesi za watoto husikizwa katika mahakama ya Tononoka.

Makao mengi huendeshwa na makanisa, jumuiya za Kiislamu na wafadhili. Serikali nayo ina taasisi zake, mojawapo ikiwa shule ya kurekebisha tabia iliyoko Likoni, ambako wavulana hupelekwa kwa amri ya mahakama.

Sheria ya Watoto ya mwaka 2022, iliyochukua mahali pa ile ya 2001, iliitambua pia kafala. Huu ni utaratibu ambapo Mwislamu humchukua mtoto asiye na walezi na kumtunza bila kubadilisha nasaba yake. Kwa wakazi wa Pwani, hatua hiyo ilirasimisha desturi iliyokuwapo tangu jadi.

Mnamo Novemba 2017 serikali ilisimamisha usajili wa makao mapya ya watoto. Mwaka 2022 ilizindua mkakati wa kitaifa wa miaka kumi, hadi 2032, unaolenga kuwaondoa watoto katika makao na kuwarejesha katika familia na jamii. Kwa hivyo, idadi ya vijana watakaotoka makaoni katika kipindi hicho si wale tu wanaotimiza miaka 18.

Sheria baada ya miaka 18

Katiba ya 2010 inampa kila mtoto haki ya malezi, lishe, makao na afya katika Kifungu cha 53. Kifungu cha 55 kinaitaka serikali ihakikishe kuwa vijana wanapata elimu, mafunzo na ajira. Kijana anayetoka makaoni huvuka kutoka kifungu kimoja hadi kingine katika usiku mmoja, na namna anavyotendewa hubadilika kabisa. Jana alikuwa na faili yenye jina lake katika ofisi ya watoto. Leo ni mmoja wa mamilioni ya vijana wanaotafuta riziki.

Sheria ya 2001 iliiruhusu mahakama kurefusha wajibu wa mzazi hata baada ya mtoto kutimiza miaka 18 palipokuwa na sababu maalumu. Kinga hiyo humfaa aliye na mzazi anayeweza kushtakiwa. Asiye na mzazi hana wa kumpeleka mahakamani.

Mwongozo wa kitaifa wa malezi mbadala uliotolewa mwaka 2014 ulikwenda mbali zaidi. Unataka kijana aandaliwe mapema kabla ya kuondoka, na afuatiliwe baada ya kuondoka. Vilevile unatambua utaratibu wa kijana kuishi peke yake huku akisaidiwa hadi aweze kusimama. Lakini mwongozo hauna mfuko wa fedha, na makao yanayotegemea michango hutekeleza yale tu ambayo michango inaruhusu.

Fedha zilizopo

Mpango unaojulikana zaidi ni ule wa kuwapa pesa taslimu walezi wa mayatima na watoto walio katika hali ngumu. Ulianza mwaka 2004 kama jaribio kwa familia 500 tu, na kufikia sasa ni sehemu ya mpango wa Inua Jamii. Familia hutengewa Sh2,000 kwa mwezi. Mpokeaji ni mlezi, na msingi wa malipo ni kuwepo kwa mtoto wa chini ya miaka 18 nyumbani. Anayeishi makaoni hamo katika hesabu hiyo, na anayetimiza miaka 18 hutoka.

Njia ya pili ni basari. Hazina ya maendeleo ya maeneobunge, iliyoanza mwaka 2003 na ambayo sasa inaendeshwa chini ya sheria ya 2015, hutenga sehemu ya fedha zake kwa karo za shule za upili, vyuo vya kiufundi na vyuo vikuu. Likoni, Kisauni na Changamwe kila moja ina ofisi yake. Mayatima hupewa kipaumbele, ila mwombaji hutakiwa kuthibitisha uyatima wake na ukaazi wake katika eneo hilo.

Kwa wanaofaulu kujiunga na chuo kikuu au chuo cha kiufundi, kuna bodi ya mikopo ya elimu ya juu, HELB, iliyoundwa mwaka 1995. Msaada wake mkubwa ni mkopo utakaolipwa baadaye, na fomu yake huuliza habari za wazazi na wadhamini.

Upande wa biashara, Hazina ya Vijana iliundwa mwaka 2006 na Hazina ya Uwezo ikafuata mwaka 2013. Hazina ya Uwezo hukopesha vikundi kati ya Sh50,000 na Sh500,000 bila riba. Kikundi lazima kiwe kimesajiliwa kwa angalau miezi sita, kiwe na akaunti ya benki na kiwe na desturi ya wanachama kuchangishana. Sharti hilo ni la busara kwa mkopeshaji, kwani majirani wanaojuana hudhaminiana. Kwa kijana aliyehamia mtaa wa Mishomoroni au Mtongwe wiki iliyopita, ni sharti gumu kulitimiza.

Mpango wa NYOTA, unaofadhiliwa na Benki ya Dunia, ulichukua mkondo tofauti mwaka 2025. Uliwalenga vijana wa kati ya miaka 18 na 29, au hadi 35 kwa walemavu, wenye elimu ya kidato cha nne kwenda chini. Ruzuku yake ya kuanzisha biashara ni Sh50,000 kwa kila aliyeteuliwa, si mkopo, wala haihitaji kikundi. Kati ya mipango yote iliyotajwa, huu ndio unaokaribia zaidi hali ya kijana aliye peke yake. Hata hivyo nafasi hugawanywa kwa wadi, wanaoomba ni wengi kuliko wanaopata, na anayeomba sharti awe na kitambulisho cha taifa.

Kuna pia Huduma ya Vijana kwa Taifa, NYS, iliyoanzishwa mwaka 1964 na yenye chuo Miritini, karibu na Changamwe. Haimpi kijana fedha mkononi, lakini humpa ufundi, chakula na mahali pa kulala. Kwa asiye na nyumba, mahali pa kulala pana thamani sawa na ruzuku.

Kikwazo cha stakabadhi

Kitambulisho ndicho ufunguo wa yote hayo. Bila hicho kijana hawezi kusajili laini ya simu kwa jina lake, kufungua akaunti, kujiunga na kikundi wala kuajiriwa bandarini au katika viwanda vya Changamwe.

Ili kukipata, mwombaji hutakiwa kuwa na cheti cha kuzaliwa na, kwa kawaida, nakala za vitambulisho vya wazazi. Aliyeokotwa akiwa mchanga hana nakala hizo. Aliyefiwa na wazazi mara nyingi hana vyeti vya vifo, na pasipo vyeti hivyo hata uyatima wake ni vigumu kuuthibitisha mbele ya kamati ya basari. Humbidi ategemee barua za chifu, za afisa wa watoto na za makao alikolelewa. Mkazi wa Likoni asiye na nauli anaweza kuvuka feri bila malipo kwa miguu hadi Huduma Centre kisiwani, lakini safari hiyo haina faida ikiwa barua hizo hazijaandikwa.

Mifano ya kwingineko

Umoja wa Mataifa ulipitisha mwongozo wa malezi mbadala mwaka 2009, ukizitaka serikali ziwasaidie vijana wakati wa kuondoka na baada ya hapo.

Nchini Uingereza, sheria ya mwaka 2000 ilizilazimu serikali za mitaa kumpangia kila kijana mshauri wake na mpango wa maisha. Tangu mwaka 2023, posho ya kuanzia nyumba nchini humo imekuwa pauni 3,000. Marekani ilipitisha sheria ya kuwasaidia vijana hao mwaka 1999, kisha ikaongeza msaada wa masomo wa hadi dola 5,000 kwa mwaka. India, nchi isiyo tajiri kama hizo mbili, hutoa rupia 4,000 kwa mwezi kwa vijana waliotoka makaoni.

Mipango hiyo mitatu hutofautiana kwa viwango, lakini yote humtambua kijana kwa historia yake ya malezi. Hahitaji kuthibitisha kwamba ana familia ili asaidiwe kwa sababu hana familia.

Maandalizi ya mapema

Nchini Kenya, vijana waliopitia malezi hayo waliunda chama chao, Kenya Society of Care Leavers, mwaka 2009, ili kutetea maslahi yao.

Wakati sera zikisubiri fedha, baadhi ya mambo huweza kufanywa kabla ya siku ya kuondoka bila gharama kubwa. Cheti cha kuzaliwa kinaweza kuombwa mtoto anapoingia makaoni badala ya kungoja afikishe miaka 17. Nakala za amri ya mahakama na barua ya afisa wa watoto zinaweza kukabidhiwa kijana mwenyewe, zisibaki kabatini. Vijana wanaotarajiwa kuondoka mwaka mmoja wanaweza kusajili kikundi mara tu wanapotimiza umri, ili miezi sita ya Hazina ya Uwezo ianze kuhesabiwa.

Juu ya yote, anahitajika mtu mzima mmoja atakayekubali jina lake liandikwe katika nafasi ya mdhamini, na atakayepokea simu kijana akikwama. Ruzuku ya Sh50,000 inaweza kununua cherehani, mkokoteni au mtaji wa viazi karai. Haiwezi kumnunulia kijana mtu wa aina hiyo, na hakuna fomu ya serikali ambayo imepata kuuliza kama anaye.