Msichana aliyezikwa hai Zanzibar, na video yangu ya dakika mbili

Wiki mbili zilizopita nilikuwa nimekaa kwa kibanda cha chai hapa Free Area, nakatakata video kwa simu, ndipo nikapigiwa. Alikuwa mathe mmoja anayesimamia nyumba ya wasichana waliotoroka kwao. Wengine walikimbia ndoa ya lazima, wengine walikimbia kisu, wengine walimkimbia mtu wa ndani ya nyumba. Sitataja ni wapi. Akaniambia, "Kijana wangu, ile video yako ilitusaidia sana. Sasa unga umeisha tena. Hebu tutengenezee nyingine."

Ile video ni ya mwaka jana. Dakika mbili. Msichana mmoja, uso nimeuficha kwa kivuli, lakini sauti ni yake na stori ni yake, kutoka mwanzo hadi mwisho. Watu walilia kwa komenti. Pesa ziliingia kwa simu ya ile nyumba, na mimi nikapata wafuasi kwa wiki moja kuliko vile nilikuwa nimepata mwaka mzima. Nikadhani kila mtu amefaidika.

Miezi minne baadaye nikapata meseji kutoka namba nisiyoijua. "Bro, hapa shule mpya wananiita yule wa video. Unaweza kuitoa?"

Niliitoa usiku huo huo. Lakini wasee, mnajua venye intaneti iko. Ukishamwaga maji huwezi kuyazoa.

Kwa hivyo mathe aliponipigia tena, nilimwambia tu anipe siku chache. Na kwa hizo siku nikarudi kwa stori moja ambayo niliisoma nikiwa bado chuo, kabla niache mwaka wa pili. Mimi si mwanahistoria. Lakini hii stori haijawahi kuniacha, na sasa najua sababu.

Ni stori ya msichana anaitwa Swema.

Alizaliwa katikati ya miaka ya 1850, kwa Wayao, upande wa ndani wa nchi tunayoiita leo Msumbiji. Baba yake alikuwa mwindaji, akauawa na simba. Halafu zikaja shida za njaa na vifo, nyumba ikabaki mtu na mamake. Mama akakopa nafaka kwa jirani, akashindwa kulipa. Siku moja msafara wa watumwa ukapita. Jirani akaona deni lake limepata dawa. Akamchukua Swema, akawauzia wenye msafara kwa kitambaa cha merikani.

Simama hapo kidogo. Merikani ni kile kitambaa cheupe cha pamba kilichokuwa kinaletwa Zanzibar na meli za wafanyabiashara wa Marekani, na jina lake likabaki hilo hilo. Pamba yenyewe huko kwao ilikuwa inalimwa na watumwa. Huku kikawa kinanunua watumwa. Mtoto wa kama miaka kumi, bei yake ni kitambaa.

Mama hakukubali kuachwa. Aliwaomba wenye msafara wamchukue naye, abebe mzigo, bora awe na mtoto wake. Wakamchukua. Njia ya kwenda Kilwa ni ndefu, chakula ni kidogo, na mama akaishiwa nguvu. Aliposhindwa kutembea wakamwacha njiani. Swema alijaribu kubaki naye, wakamtoa kwa nguvu. Hakumwona tena.

Kutoka Kilwa wakapakiwa kwa jahazi hadi Zanzibar, wamebanwa kama mizigo. Kufika, Swema alikuwa amebaki mifupa. Aliyemleta akaona hii ni hasara, huyu hauziki na atakufa tu. Akaamuru azungushiwe mkeka akazikwe. Alikuwa bado hai. Walimfukia juu juu, wakaenda zao.

Alilia huko chini. Kijana mmoja wa kutoka kisiwa cha Réunion akasikia sauti, akafukua, akambeba hadi kwa misheni ya Wakatoliki pale mjini Zanzibar. Hii ilikuwa karibu mwaka 1865.

Misheni yenyewe ilikuwa imeanza mwisho wa 1860, na masista wake walitoka huko huko Réunion. Utumwa Réunion uliisha 1848, na shirika la hawa masista, Mabinti wa Maria, lilianzishwa mwaka uliofuata, 1849. Lilipokea hata wanawake waliokuwa watumwa. Fikiria hiyo. Kuna uwezekano kwamba mikono iliyomwosha Swema ule udongo ilikuwa ya mtu aliyejua vizuri sana kuuzwa ni nini.

Alipona. Akalishwa, akavishwa, akafundishwa. Hii sitaki mtu aichukulie poa. Bila ule mlango, Swema angekufa kwa shimo na hakuna mtu angejua alikuwepo.

Lakini stori haiishii hapo, na ndipo inanihusu mimi.

Kitabu kinasema kwamba baadaye aliletwa hospitali ya misheni mtu aliyejeruhiwa, na Swema akamtambua. Alikuwa mmoja wa wale wa msafara uliomuua mamake. Na sista akamwambia amhudumie. Asamehe. Alipambana na roho yake, akamhudumia, kisha akabatizwa. Akapewa jina lingine, Madeleine.

Mimi nimelelewa kanisani, kusamehe nakuelewa. Lakini najiuliza: ukiwa mtoto, huna baba, huna mama, unakula kwa watu, unalala kwa watu, na hao watu wakuombe kitu, unaweza kusema hapana? Ni nani atakuambia kama ulisamehe kwa moyo, au ulisamehe kwa sababu chakula kilikuwa pale?

Halafu angalia ni kitabu gani hiki. Swema hakukiandika. Aliongea, padri Horner, mkuu wa misheni, akaandika. Kikachapwa kwa Kifaransa, Paris, mwaka 1870, ili wasichana Wakristo wa Ulaya wasome, walie, na watume msaada. Sauti ni yake, lakini kalamu ni ya mtu mwingine, na msomaji ni mtu aliye mbali sana ambaye hatawahi kukutana naye. Mwisho wake ni ule tu unaofaa kitabu cha misheni.

Maze, hiyo ni video yangu. Tofauti ni kwamba yangu ilikuwa na muziki wa kinanda nyuma.

Usifikiri hii ni kesi moja. Mwaka 1888 kule Rabai, karibu na Mombasa, iligundulika kwamba zaidi ya watumwa 1,400 waliotoroka walikuwa wamejificha kwenye misheni. Mabwana wao wakaja juu. Kilichowaokoa ni kwamba Mackenzie, bosi wa ile kampuni ya Waingereza iliyokuwa inaanza kutawala pwani, aliwalipa wenye watumwa fidia, na watoro wakapewa cheti cha uhuru. Yaani hata baada ya kukimbia, uhuru wako ni karatasi ambayo mtu mwingine amekununulia.

Na njoo karibu na sisi. Ukipanda matatu hapa ya kwenda Nairobi, ukishapita Naivasha kuna Kijabe pale kwa ukingo wa bonde. Misheni ya Africa Inland iko pale tangu 1903. Wasichana walikimbilia pale, wakikataa kuolewa na wazee au kukataa tohara. Kufika 1929 ugomvi wa tohara ulikuwa moto: makanisa yanadai waumini waikane, chama cha KCA kinasema hii ni mila na ni siasa ya mkoloni. Januari 1930 mmisheni mmoja wa Kijabe, Hulda Stumpf, aliuawa nyumbani kwake. Makaratasi ya wakati ule ni mengi. Wamisheni wanaandika, maafisa wanaandika, wanasiasa wanaandika. Wasichana, ambao mwili ni wao, wanaonekana mara chache sana, na mara nyingi ni mtu anawasemea.

Nilitaka kujua kama kuna mahali walijaribu njia nyingine. Nikakutana na Shakers wa Marekani. Ni watu wa dini waliomfuata mama mmoja anaitwa Ann Lee, aliyetoka Uingereza akafika New York 1774. Hawakuoa wala kuolewa, mali ilikuwa ya wote, na ibada yao ilikuwa na kucheza. Kwa sababu hawakuzaa, walipokea mayatima na watoto wa maskini, kwa makubaliano ya maandishi. Walikuwa wakali, sitawapamba. Lakini kulikuwa na jambo moja. Mtoto akishakuwa mtu mzima, kwa kawaida miaka 21, anaulizwa: unabaki au unaenda? Wengi walienda. Na hiyo ni sababu moja Shakers leo karibu wameisha.

Mimi naona hapo ndipo kipimo kiko. Nyumba ya kukuokoa lazima iwe na mlango wa kutokea. Hao Shakers walikubali kuisha kuliko kufunga huo mlango. Kwa Swema mlango ulikuwepo, lakini atoke aende wapi? Kwao ni mwendo wa wiki nyingi kwa miguu, na njia ni ile ile ya wanaouza watu. Misheni ilipofungua kituo Bagamoyo 1868, watoto waliokombolewa walikua, wakaozeshwa wao kwa wao, wakapewa nyumba na shamba kijijini kwa misheni. Maisha, ndiyo. Lakini yalipangwa na mtu mwingine.

Najua mtu atasema: bila padri kuandika, leo wewe ungejuaje kuhusu Swema? Ni kweli. Nimelala na hilo swali. Jibu langu ni kwamba nafurahi iliandikwa, na bado natamani angalau mtu mmoja angemuuliza kama anataka iandikwe, na kama ile sehemu ya kusamehe ndivyo alivyoisikia yeye. Hayo mambo mawili hayapigani.

Nikampigia mathe. Nikamwambia nitakuja, lakini hakuna msichana ataongea. Nitaonyesha jikoni, sufuria, stoo iliyo tupu, karo ambazo hazijalipwa. Akishatoka pale, akawa mtu mzima, na akitaka mwenyewe kusema, nitakuwa hapa, na siku atakayotaka nifute nitafuta bila kuuliza.

Akanyamaza kidogo. "Hiyo haitatoa watu machozi, kijana wangu."

"Ndiyo, mathe. Haitatoa."

Niliiweka Jumamosi. Walioitazama hawafiki nusu ya wale wa kwanza. Pesa nazo ni kidogo, unga wa siku chache tu. Sijui kama nilifanya poa. Kuna watoto wanakula uji mwembamba wiki hii kwa sababu mimi nimepata dhamiri, na hiyo siwezi kuifunika na historia.

Lakini nimeona kitu. Tatizo halikuwa mathe, na sidhani hata lilikuwa padri peke yake. Padri aliandika kile Paris ingenunua. Mimi nilirekodi kile nyinyi mngesambaza. Kama unatuma mia mbili tu ukishaona msichana analia, basi umemfanya alie ndio apate chakula. Soko ni sisi.

Kwa hivyo tazama hiyo video ya sufuria, inaboesha kiasi, na utume ulicho nacho. Na kama ile ya mwaka jana bado iko kwa simu yako, ifute. Usiniulize ni gani. Unaijua.