Malagarasi: Kutoka Hongo ya Mtumbwi Hadi Daraja la Zege



Katika Kisanskriti, neno tirtha, ambalo leo twalitumia kwa mahali pa kuhiji, asili yake ni kivuko: pahala ambapo mto huvukika. Kwa hiyo si ajabu kitabu cha kumbukumbu ya hekalu kikatenga ukurasa kwa historia ya kivuko. Nimechagua kile cha Mto Malagarasi, kwa kuwa maji ya nyanda zetu za Kasulu na Kibondo huishia humo.

Mto huu una urefu wa kilomita 475 hivi. Chimbuko lake ni katika milima ya mpakani na Burundi, si mbali na Ziwa Tanganyika. Hata hivyo, hulipa ziwa kisogo, ukapita katika nchi ya Waha, ukatawanyika katika mabwawa mapana, kisha ukageuka magharibi kupitia Uvinza na kulirudia ziwa lile lile. Kwa sababu ya mzunguko huo, msafiri aliyetoka Tabora kwenda Ujiji hakuweza kuukwepa.

Katika karne ya 19 mwenye mtumbwi ndiye aliyekuwa mwenye njia. Burton na Speke walipofika hapo Februari 1858, walimkuta mtwale aliyesimamia kivuko chini ya mtawala wa Uvinza, na hawakuvushwa mpaka walipotoa hongo ya nguo. Stanley naye, akimtafuta Livingstone mwaka 1871, alibishana sana juu ya nauli, na punda wake mmoja akakamatwa na mamba akiwa katikati ya maji. Neno hongo wakati huo halikuwa na aibu. Lilikuwa ushuru wa wazi, aliotozwa mpita njia na mwenye nchi. Wala mtwale hakuwa mnyang'anyi. Alikuwa na mto, mitumbwi na watu wa kuvusha, na misafara ilikuwa na mali nyingi.

Mali hiyo inatuhusu sisi wenye asili ya Gujarat na Kachchh. Kaniki iliyotumika kulipia njia ilitoka India, na mikopo ya misafara mingi ilitolewa Unguja na wafanyabiashara wa Kihindi. Kampuni ya Jairam Shivji, Mhindu wa Kachchh, ilikodi forodha ya Sultani kwa miaka mingi, na wakala wake, Ladha Damji, alishughulikia matayarisho ya safari ya Burton. Twajivunia uhodari wa wazee hao. Lakini misafara ile haikubeba pembe za ndovu tu. Iliswaga pia watu waliofungwa minyororo, ambao kwao kivuko cha Malagarasi kilikuwa mlango wa kutorudi. Historia ya mtaji wetu isiyoyataja hayo ni nusu ya historia, na majirani zetu wanastahili kuisikia yote.

Reli ya Kati ndiyo iliyovunja nguvu ya mtumbwi. Ujenzi ulianza Dar es Salaam mwaka 1905, ukafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma Februari 1914. Toka hapo chumvi ya Uvinza, ambayo watu wameipika kwa zaidi ya miaka 1,000, ikapakiwa katika mabehewa. Barabara ilibaki nyuma ya reli kwa karne nzima. Masika yalipokaza, malori yalikwama matopeni, na kila siku ya kukwama iliongezwa katika bei ya sabuni na bati dukani. Aliyeilipa, mwishoni, ni mwananchi wa kijijini.

Septemba 2015 Rais Jakaya Kikwete alizindua daraja lenye jina lake, lililojengwa na kampuni ya Hanil ya Korea Kusini kwa mkopo wa nchi hiyo. Urefu wake ni mita 275, lakini barabara unganishi ni kilomita 48. Tarakimu hizi mbili zina fundisho: katika nchi ya mabwawa, daraja bila tuta imara la kulifikia ni kisiwa tu.

Zege lina tabia ya kustahimili sana kugandamizwa, ila hupasuka upesi likivutwa. Ndiyo maana mafundi wa zamani walipenda madaraja ya tao, ambayo uzito wake huligandamiza zege kuelekea kingo; na ndiyo maana boriti ya zege hutiwa nondo ili chuma kipokee mvuto. Lakini hakuna daraja, la tao au la boriti, lililokusudiwa kubeba uzito usio na mpaka. Mfanyabiashara anayezidisha shehena ya lori lake, kisha akatafuta njia ya pembeni mizanini, anarudisha hongo mtoni, tena hongo ya siri, ambayo mtwale wa zamani angeiona haya. Faida ni yake peke yake. Ufa ukitokea, ni wa mkoa mzima.

Wazee wetu walilipa nguo wakavuka. Sisi twavuka bila kushuka garini. Malipo tuliyobakiwa nayo ni kutolemea daraja, na kutunza misitu ya vilima vyetu ili udongo usiujaze mto. Kwa malipo hayo, wajukuu wa Mha, Mvinza na Mgujarati watakuta kivuko wazi.