Foleni ya Matokeo

Baraza la Mitihani la Tanzania liliundwa mwaka 1973, na kwa miaka mingi matokeo yalitufikia shuleni kwa karatasi. Nilipokuwa mkuu wa shule karibu na Tunduma, kila mzazi alinitajia jina la mwanawe, nami nikapekua karatasi zote upya. Foleni ilifika hadi kwenye mparachichi. Mama mmoja wa Kamsamba aliondoka bila jibu, maana lori lilikuwa linang'oa. Binti yake alikuwa amefaulu; habari ilimfikia baada ya majuma matatu. Kesho yake nikabandika orodha nzima ukutani. Foleni ikaisha.

Matokeo yalipohamia kwenye intaneti nilidhani seva nayo hupekua kwa kila aulizaye. Mjukuu wangu akanionyesha: kila shule ina ukurasa wake, kwa namba ya kituo, ulioandaliwa mapema. Wakiuliza maelfu asubuhi moja, seva hutoa nakala tu. Mkonga wa SEACOM, uliofika Dar es Salaam mwaka 2009, ulipanua barabara. Lakini barabara pana ingemfaa nini karani mwenye kupekua kama mimi?

Yule mama hakurudi tena ofisini kwangu.